Uchungu upimwe kwa utamu unaobaki: kimea na hopsi kwenye pale ale ya nyumbani

Mpishi wa mbege kule Kilimanjaro anaijua kazi ya gome la msesewe: ndizi na kimea cha ulezi huleta utamu, msesewe huukata. Kwenye pale ale, bia ya shayiri ya rangi ya dhahabu, kazi hiyo ni ya hopsi, maua machungu ya mmea unaotambaa, na uchungu wake unaweza kuupigia hesabu kabla hujawasha moto. Wanapokosea wengi ni kwenye kulinganisha. Huulinganisha uchungu na kimea walichotia sufuriani, ilhali mnywaji hanywi kimea hicho. Anakunywa kilichobaki baada ya hamira kushiba.

Njia ya mkato inajulikana: chukua IBU za bia, yaani kipimo cha uchungu, gawa kwa pointi za uzito wa kuanzia. IBU 1 ni takriban miligramu 1 ya asidi ya alfa ya hopsi iliyogeuzwa na moto ndani ya lita 1 ya bia. Haidromita, kile kipimo kinachoelea cha uzito wa kimiminika, ikisoma 1.050, hizo ni pointi 50. Kwa hiyo IBU 35 juu ya pointi 50 ni 0.7. Pale ale ya Kimarekani hukaa vizuri kati ya 0.65 na 0.85. Chini ya 0.5 kimea kinatawala, na ukifika 1 umeshaingia kwenye IPA, pale ale yenye hopsi nyingi zaidi. Sierra Nevada Pale Ale, bia iliyoutangaza mtindo huu, ilianza kupikwa Chico, California, mwaka 1980 kwa hopsi za Cascade. Ina IBU 38 na alkoholi asilimia 5.6.

Sasa chukua bia mbili zenye 0.7 ile ile. Baada ya kuchacha, moja imeishia 1.010, nyingine imekwama 1.017. Ya kwanza ni kavu, uchungu unasikika waziwazi na kinywa kinabaki safi. Ya pili ni nzito, inaganda ulimini, na uchungu umezama chini ya utamu. Kwenye karatasi mapishi ni yale yale, lakini kwenye glasi ni bia mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana tunashauri uamue kwanza bia yako iishie wapi, ndipo uchague hopsi. Kwa pale ale lenga 1.010 hadi 1.012.

Kwa lita 20 zinazobaki baada ya kuchemsha, mapishi haya ni mahali pazuri pa kuanzia: kilo 4.3 za kimea cheupe cha pale ale na gramu 350 za kimea cha karameli cha Lovibond 40 (Lovibond ni kipimo cha rangi ya kimea). Ukipata asilimia 70 hivi ya sukari iliyomo kwenye kimea, utafika karibu na 1.050. Hamira kavu ya US-05, pakiti moja ya gramu 11.5, itaishusha hadi 1.011 au hapo karibu, sawa na alkoholi kama asilimia 5.

Kimea cha karameli ndicho kinachoharibu pale ale nyingi za nyumbani. Mtu anaona bia ya kwanza imekuwa chungu, basi kwenye mpiko unaofuata anaongeza karameli hadi kilo nzima ili "kuisawazisha". Utamu wa karameli haukati uchungu, unakaa juu yake tu. Sehemu yake kubwa hamira haiwezi kuila, kwa hiyo bia inakuwa chungu na tamu kwa pamoja, kama dawa ya kikohozi. Usivuke asilimia 8 ya kimea chote. Ukitaka mwili zaidi, yaani uzito mdomoni, bila utamu, tia gramu 300 za shayiri iliyobanjwa au kimea cha ngano.

Joto la kulowekea kimea lina nguvu kuliko gramu 100 za karameli. Kwa nyuzi 65 hadi 66 za Selsiasi unapata sukari nyingi inayoliwa na hamira, na bia inamaliza kavu. Kwa nyuzi 69 kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari ndogondogo huharibika mapema, na bia inamaliza juu kwa pointi kadhaa. Loweka kwa dakika 60, upime joto katikati ya sufuria na pembeni pia, kisha koroga upya ukiona tofauti ya nyuzi 2. Kipimajoto kinachodanganya kwa nyuzi 3 kinatosha kugeuza mapishi yote, kwa hiyo kijaribu kwanza kwenye maji yenye barafu: kinatakiwa kisome 0.

Tukija kwenye hopsi, hesabu ni hii: gramu, mara asilimia ya alfa, mara 10, mara kiwango cha alfa kinachogeuka, kisha gawa kwa lita. Kwa uzito wa 1.050, kiwango hicho ni takriban 0.23 kwa dakika 60 za kuchemka, 0.115 kwa dakika 15, na 0.084 kwa dakika 10. Gramu 18 za Magnum, aina ya hopsi kali, yenye alfa asilimia 12, zikichemka dakika 60, zinatoa kama IBU 25. Gramu 40 za Cascade yenye asilimia 6, zikiingia dakika 10 za mwisho, zinaongeza IBU 10. Jumla 35. Kisha zima moto, poza hadi nyuzi 80, tia gramu 40 nyingine za Cascade, funika, na uache dakika 20 kabla ya kupoza kabisa. Kwa joto hilo uchungu huongezeka kidogo tu, lakini harufu ya balungi na maua haikimbii na mvuke.

Soma asilimia ya alfa kwenye pakiti uliyonayo mkononi, usichukue ya kwenye mapishi. Cascade ya mavuno haya inaweza kuwa na 5 na ya mavuno yajayo 7. Na pakiti iliyokaa miezi dukani kwenye joto la Dar es Salaam imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Vidonge vya hopsi vizuri ni vya kijani na vinanuka ukivisaga kwa vidole. Vikiwa vya kahawia na vina harufu ya jibini, virudishe. Ukishafungua pakiti, toa hewa yote, funga, na uweke kwenye friza.

Kuna jambo ambalo mapishi ya mtandaoni hayalitaji, kwa sababu mengi yameandikwa na watu wa nchi tambarare. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Alfa hugeuka polepole zaidi kwa joto hilo, kwa hiyo mapishi yaliyotoa IBU 35 Mombasa yatatoa pungufu Nairobi, Iringa au Arusha. Ongeza robo kwenye hopsi za dakika 60, yaani gramu 18 ziwe 22 au 23, na zile za dakika 10 zitie dakika 15. Kuchemsha kwa dakika 90 pia kunasaidia, ila anza na maji zaidi kwa sababu mvuke utayala.

Maji nayo ni kiungo. Burton upon Trent kule Uingereza ilijulikana kwa pale ale kwa sababu maji ya visima vyake yana jasi nyingi, na salfeti ya jasi huufanya uchungu uwe mkavu na mkali. Kloridi hufanya kinyume: hujaza mdomo na kukisukuma kimea mbele. Kwa maji laini, lita 28 za kazi nzima, tia gramu 7 za jasi na gramu 3 za kloridi ya kalsiamu. Utapata salfeti takriban miligramu 140 kwa lita na kloridi 50. Maji ya bomba yenye klorini yatibu kwanza kwa metabisalfeti, dawa inayoondoa klorini, la sivyo bia itanuka kama plasta ya kidonda. Maji ya kisima yenye chumvichumvi nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, hupandisha pH. pH ya kimea ikipita 5.6, unapata uchungu wa kukwaruza ulimi, kama chai iliyochemka na majani yake nusu saa. Huo si wa hopsi nyingi, na kupunguza hopsi hakuuondoi. Lenga 5.2 hadi 5.4.

Chachisha kwa nyuzi 18 hadi 20. Kwenye miji ya joto, simamisha ndoo ndani ya beseni la maji, ifunike kwa taulo lililolowa, na ubadilishe chupa za barafu asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda zaidi. Hamira ikifanya kazi kwa nyuzi 28 huleta ladha za matunda na alkoholi inayochoma koo, na mnywaji ataiita "chungu".

Hopsi za mwisho, gramu 50 za Cascade, zitie kwenye bia iliyokwisha kuchacha, kwa siku 3. Kabla ya kujaza chupa pima uzito mara mbili, siku 2 zikipita katikati. Hopsi mbichi zina vimeng'enya vinavyokata sukari ngumu na kuamsha hamira upya. Bia iliyokuwa 1.012 inaweza kushuka hadi 1.009, ikawa kavu kuliko ulivyopanga, na ikitokea ndani ya chupa, chupa hupasuka. Uzito ukitulia, tia sukari gramu 120 kwa lita 20.

Chupa ya kwanza ifungue baada ya wiki 3. Ikiwa tamu, soma haidromita kabla ya kuzilaumu hopsi. Ikiishia 1.011 na bado ina ladha ya asali na karatasi iliyolowa, hewa imeingia wakati wa kuhamisha, na harufu ya hopsi imekufa. Hapo shughulikia mpira wa kuhamishia, mapishi yaache kama yalivyo. Ikiwa imezubaa tu, fanya jaribio la glasi. Yeyusha gramu 1 ya jasi kwenye mililita 500 za maji, tia mililita 10 kwenye glasi ya mililita 200, na uonje sambamba na glasi isiyo na jasi. Ukiipenda ile yenye jasi, umeongeza salfeti kama miligramu 56 kwa lita. Kwa mpiko ujao tia gramu 3 zaidi kwenye zile lita 28 na usiguse kitu kingine. Glasi zikifanana, basi kinachokosekana ni hopsi: panda gramu 3 kwenye Magnum ya dakika 60, sawa na IBU 4.