Wacha stori ya roketi, tafuta friza kwanza

Watu wakiskia tunajaribu kuunda satelaiti hapa Kisumu swali ni lile lile, na roketi mtatoa wapi? Roketi si shida yako. Hata Taifa-1, satelaiti ya Kenya, ilipanda Aprili 2023 na Falcon 9 ya SpaceX kutoka California, imebebwa pamoja na mizigo ya wengine, ni kama matatu tu, unalipa kiti unakaa. Shida iko kwa satelaiti yenyewe, kile kiboksi cha sentimita 10 kila upande, juu kikishaenda hakuna fundi wa kukifuata.

Sisi tuko watatu, workshop ni chumba kimoja nyuma ya duka la spea za pikipiki. Antena tulikata kutoka kwa tepu ya seremala, ile ya chuma, na usicheke, watu wengi wa satelaiti ndogo wameanza hivo. Unaikunja, unaifunga na uzi wa nailoni, ikifika juu kawaya kanapata moto kanakata uzi, antena inajirusha wazi. Uzi tulinunua kwa wavuvi Dunga. Mezani ilifunguka mara ishirini bila kukosa, tukagotana, tukaanza hata kuongea mambo ya wateja.

Halafu nikasema tujaribu na baridi. Kuna mama anauza mbuta hapo karibu akatukubalia friza yake usiku mmoja, akauliza tu, "Na hiyo haitanilipukia samaki, kijana wangu?" Nikamwambia hapana mama. Tukafunga na plastiki mbili, tukatia mchele mkavu ndani unyonye unyevu. Asubuhi tukabonyeza, waya ikawa vuguvugu tu, uzi umekaza vile vile. Kumbe betri ya lithiamu ikishikwa na baridi ukiivuta kwa nguvu volteji inaanguka, na sisi tulikuwa tumepima kila kitu na joto la Kisumu. Kilomita 500 juu unazunguka dunia kwa dakika kama 95, na karibu 35 kati ya hizo unaweza kuwa kwa kivuli cha dunia, baridi. Ingekuwa ni huko, antena imefungwa, redio bubu, pesa za watu zimeenda hivo.

Kitu ingine, anza na kusikiliza kabla hujaunda. Redio ndogo ya kuchomeka kwa laptop na antena ya paipu za PVC zinatosha kunasa kituo cha anga cha kimataifa kwa 145.800 MHz wanaanga wakiwa hewani. Hapo ndio utajua kikipita juu yako unakinasa dakika kumi na kidogo tu ukibahatika, na sisi wa ikweta satelaiti za kupitia ncha za dunia tunaziona mara tatu nne hivi kwa siku, zingine usiku, wenzetu wa kaskazini kabisa ya Norway wanaziona karibu kila mzunguko. Kuna jamaa alitaka picha ya gugumaji ziwani kila saa, kwa satelaiti moja. Mteja kama huyo mwambie ukweli mapema, usichukue deposit.

Makaratasi ya kuomba masafa ya redio nayo anza leo, hayo hayangoji.

Tulibadilisha waya, tukaweka mbili kila moja na saketi yake, muda wa kuchoma tukaongeza kutoka sekunde 3 hadi 15. Kurudi kwa friza mara ya tatu, tak, uzi ukakatika. Mchele hatukuula lakini, ulinuka mbuta.