Re: Kutoka stepa kwenda servo kwenye ruta ya CNC
Salaam mkuu. Stepa (mota za kusogea hatua kwa hatua) za ruta yako, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, zinaruka hatua ukikimbiza X, mhimili wa mlalo, na hujui uchukue servo (mota inayopima ilipo na kujirekebisha) ya wati 400 au 750. Anza na skrubu inayosogeza mhimili. Kama mzunguko mmoja unasogeza mm 5, mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika inakupa mita 15 kwa dakika. Kwa mbao, wati 400 kwangu zinatosha. Nunua mota na draiva (kifaa cha kuiendesha) seti moja, waya za enkoda, kipimo cha mzunguko wa mota, zisikusumbue.

Wengi wanakwama kwenye palsi, ishara za umeme zinazoiamuru mota isogee: 10,000 kwa mzunguko, kwa kasi hiyo, ni kHz 500 (palsi 500,000 kwa sekunde), na poti ya pararela, ile ya zamani ya printa kwenye kompyuta, haifiki huko. Zishushe hadi 1,000 kwa mzunguko kwenye gia ya kielektroniki ya draiva, yaani mpangilio wa palsi ngapi zinazungusha mota mara moja. Bado ni mm 0.005 kwa palsi.

Mota ya Z, mhimili wa juu-chini, iwe na breki, umeme ukikatika spindo (mota inayozungusha kisu) isishuke yenyewe.