Weka hiyo raba chini kwanza

Jumanne nimeingia rejista, chumba cha faili za ofisi, nikapata kijana wa atachimenti ameketi sakafuni, faili tatu zimefunguliwa teg (kamba inayoshika karatasi), raba mkononi, anafuta namba za folio, yaani za kila karatasi ndani ya faili. Namuuliza unafanya nini, ananijibu na tabasamu, "Nazipanga vizuri mzee, tarehe zilikuwa zinarukaruka." Chai ilinipalia. Nilitaka kumfokea nikashindwa, kwa sababu mambo ya raba mimi sina mdomo nayo. Basi wacha niandike, nyinyi mnaoletwa mkidhani rejista ni stoo msome kabla hamjashika kitu.

1. Teg haifunguliwi ovyo.

Nilianzia Kisumu, ofisi sitaji, enzi Nyanza bado ni mkoa na PC, mkuu wa mkoa, bado ni PC. Wiki ya pili nikatumwa chumba cha nyuma nipanguse vumbi. Kupangusa tu! Lakini mimi nilikuwa nimetoka chuo na moto wangu, nikakuta faili ya mipaka ya mashamba ya upande wa Nyando, nene kama mto wa kulalia (na hilo lilikuwa kosa tayari, folio zikifika mia unafungua volumu nyingine), ndani barua ya Machi imekaa juu ya barua ya Juni. Nikasema hawa makarani wa zamani walikuwa wavivu sana. Nikafungua teg, nikatandaza karatasi meza nzima, nikapanga kwa tarehe, nikafuta namba za penseli zote nikaandika zangu, safi. Madam wa rejista alikuwa livu. Siku hiyo nilitembea kama nimepandishwa cheo.

Sasa nyinyi mnajua folio hupewa namba siku inaingia faili, iliyoingia mwisho inakaa juu. Ile barua ya Machi ilikaa juu ya Juni kwa sababu mtu aliikalia miezi mitatu bila kuipiga chop (muhuri) ya kupokea, na huko kukaliwa ndiko kulikuwa kesi yenyewe. Mimi nikaiweka Machi, ikaonekana iliingia Machi na hakuna aliyeikalia.

Mwezi haujaisha akaja mzee kutoka Ahero na nakala ya rufaa yake kwa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Aliambiwa alichelewa, anasema hakuchelewa. Ofisa akafungua minuti, yale maelezo ya maofisa ndani ya faili, imeandikwa tazama folio 41. Folio 41 yangu ilikuwa barua ya kuomba tairi za baiskeli. Ofisa akageuza karatasi mbele, akageuza nyuma, akamwambia mzee hii kitu haionekani. Mimi nimesimama hapo mlangoni, nimenyamaza. Mzee akauliza tu, "Nirudi lini?" Alirudi mara nne, na kila mara ni nauli.

Madam aliporudi nikamwambia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alichukua raba yangu akaitia kwa handibegi yake akasema, "Utazirudisha vile zilikuwa." Zitarudi vipi na nimefuta? Akanionyesha kona ya chini, panya alikuwa ameing'ata hiyo faili zamani, kwa karatasi za chini shimo ni pana kama shilingi ishirini, ukipanda juu linapungua pole pole mpaka inabaki alama ya jino tu. Nikafuata meno ya panya wiki tatu. Penye panya hakufika nikafuata kutu, maana pini ya karatasi moja huchapa kwa mgongo wa ile iliyo juu yake, na namba iliyofutwa ukiinamisha karatasi dirishani utaona kivuli chake. Barua ya Machi ilikuwa na kutu ya barua ya Juni mgongoni. Folio sita mpaka leo sijui zilikaa wapi. Mambo ya mzee yalisonga yakaenda kortini, huko sikufuata, niliogopa kuuliza.

Na si mambo ya vijijini pekee, hata kule nyaraka za taifa, Moi Avenue Nairobi, faili za huku kwetu bado zinaombwa kwa PC/NZA (PC wa Nyanza) na DC/KSM (DC wa Kisumu), vile ofisi ilizitoa. Hakuna aliyezichanganya ati zote za mashamba zikae pamoja.

2. Stepla na seloteipu peleka nyumbani. Kwa hii hewa ya ziwa pini inashika kutu haraka, na seloteipu inageuka kahawia.

3. Faili haitoki bila kadi ya kuonyesha nani ameichukua, hata boss akisimama hapo. Kuna moja ilitoka "dakika mbili" 2009, bado naingoja.

4. Mkiskani msiite scan0001. Na ukishaskani, karatasi si ya kuchoma, sheria ya nyaraka iko tangu 1965, kuharibu ni mpaka idhini ya mkurugenzi wa nyaraka za taifa. Nimewahi kununua njugu Kondele zimefungwa kwa fomu ya likizo ya mtu, hata tarehe ya kurudi kazini ilisomeka. Waingereza walibeba faili zetu wakati wa uhuru wakanyamaza nazo mpaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ndiyo ikazitoa Hanslope Park huko Uingereza, halafu wewe unaniambia za zamani hazina kazi?

5. Chakula nje. Mwenye aliacha chapati juu ya boksi la nne aje aichukue, mafuta yameanza kushuka.