Barua za Jikoni: Kutoa Minofu ya Ngege bila Kumwacha Nusu kwenye Mfupa

SWALI: Mama, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa Kayole na ninapika katika hoteli ndogo karibu na Barabara ya Jogoo. Wateja wetu wameanza kuomba samaki asiye na miiba, hasa wazazi wanaokuja na watoto. Nimetazama video nyingi kwenye simu na kila mara kazi huonekana nyepesi, lakini nikishika kisu mwenyewe ninabaki na vipande vilivyochanika, na nyama nyingi inabaki kwenye mfupa. Tajiri wangu amenionya niache kuharibu ngege (tilapia) wake. Je, nimekosa kisu kizuri, au kuna jambo ambalo sijaonyeshwa?

JIBU: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu tatizo unaloeleza ndilo lililonisumbua mimi nilipoanza. Kazi ya kutoa minofu hufanyika mahali ambapo macho hayafiki. Ukitazama video unaona mkono ukipita na nyama ikifunguka, lakini huioni ncha ya kisu ikitambaa juu ya miiba huko ndani, na ncha hiyo ndiyo inayoamua kama utainua mnofu mzima au makombo. Mama mmoja muuza samaki pale Gikomba, ambaye nilimwomba anifundishe, alinikataza kukitazama kisu, aliniambia nisikilize. Ncha ikipita mahali pake hutoa mlio mwembamba wa kukwaruza, kama kucha juu ya meno ya kitana. Mlio ukikatika, kisu kimeuacha mfupa na kimeingia kwenye nyama, na hapo ndipo unapopoteza chakula cha watu. Siku ile nilikata samaki wanne mbele yake, na wa nne alikuwa bora kuliko yote niliyokuwa nimejifunza kwa kutazama.

Kabla ya kufika kwenye kisu, mweleze tajiri wako jambo moja la hesabu. Ngege hutoa mnofu usio na ngozi wa takriban thuluthi moja ya uzito wake, hata akikatwa na mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, kwa kuwa kichwa, mifupa, ngozi na matumbo ndivyo vinavyochukua sehemu kubwa. Samaki wa gramu 900 atakupa gramu 300 hivi za nyama safi. Ukipata 200, mkono wako bado unajifunza. Ukipata 300, usikubali kulaumiwa. Kwa sababu hiyo hiyo sioni maana ya kutoa minofu ya ngege asiyefika nusu kilo, na wengi wa samaki wa mabwawa wanaouzwa hapa Nairobi ni wa kiasi hicho au chini yake. Hao wakaange wazima na uwahudumie wateja wanaojua kula samaki kwa vidole.

Mchague samaki mwenye macho maangavu yaliyojaa, mashavu mekundu kwa ndani, na nyama inayorudi mahali pake ukiibonyeza. Mweke kwenye barafu mpaka wakati wa kumkata, maana nyama iliyopata joto hulegea na kuchanika hata kisu kikiwa kikali. Ukinunua samaki aliye hai kutoka bwawani, fahamu kwamba baada ya kufa mwili wake hukakamaa, na ukimkata akiwa amekakamaa mnofu hujikunja na nyuzi zake huachana; mwache kwenye barafu hadi alegee tena.

Kuhusu kisu, kinachofaa ni chembamba, chenye ncha kali na bapa linalopinda kidogo, la urefu wa sentimita 15 hadi 18. Si lazima kiwe cha bei. Kisu butu ni hatari kuliko kikali kwa sababu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ikiteleza huishia kwenye mkono wa kushoto. Kinoe kwenye jiwe kabla ya kazi, kisha ukipitishe kwenye chuma cha kunolea kila baada ya samaki wawili au watatu. Chini ya ubao wa kukatia tandaza kitambaa kilicholowa ili usihame, na kichwa cha samaki ukishike kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa pezi la mgongoni la ngege lina miiba migumu ambayo ikikuchoma huleta uvimbe usiopona upesi. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji safi wakati huo huo, na ukiona mkono unavimba nenda zahanati.

Sasa mlaze ubavu, mgongo wake ukuelekee wewe. Ikiwa utaiondoa ngozi, huna haja ya kupara magamba. Wapo wanaomkata akiwa na matumbo yake ili tumbo lisibonyee, lakini kwa mwanafunzi nashauri atolewe matumbo kwanza, maana nyongo ikipasuka uchungu wake huingia katika nyama. Mkato wa kwanza upite nyuma ya kichwa na nyuma ya pezi la ubavuni, kwa mshazari, ukielekea kichwani kule juu, kwa kuwa nyuma ya kisogo pana nyama nene ambayo wanaoanza huitupa. Shuka mpaka uguse uti wa mgongo, kisha usimame, usiukate.

Mkato wa pili ndio wenyewe. Anzia kisogoni, uteremke kandokando ya pezi la mgongoni hadi mkiani, na mara ya kwanza usiingie zaidi ya nusu sentimita, kwani hapo unafungua njia tu. Rudia kwa mikupuo mirefu ya mkono mmoja mtulivu, bapa likiwa limeegemea mifupa na ncha ikikwaruza, huku kidole gumba cha kushoto kikiinua nyama ili uone unakotoka. Usikate kama mtu wa msumeno, mbele na nyuma, kwa sababu kila unapogeuza mwendo unaacha ngazi katika mnofu, na nadhani huko ndiko vinakotoka vipande vyako vilivyochanika. Ukifika kwenye uti wa mgongo utasikia kizuizi; inua ncha kidogo, uvuke, uendelee upande wa pili. Kuanzia usawa wa mwisho wa tumbo hadi mkiani hakuna mbavu, hivyo unaweza kupenyeza kisu mpaka kitokeze ng'ambo na kukiteremsha mara moja. Mbele kuna mbavu zilizopinda kama mtumbwi, na hapo ufuate mpindo wake polepole, ukijua kwamba nyama ya tumbo ni nyembamba mno.

Ukigeuza upande wa pili utashangaa kuona ni mgumu zaidi, ingawa mikato ni ileile. Sababu ni kwamba samaki amepoteza nyama iliyokuwa ikimwinua, naye hulala bapa na kuyumba. Wengi hudhani wamerudi nyuma katika kujifunza. Hawakurudi; wamekutana na kazi nyingine. Unaweza kumwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya uti wa mgongo ili apate kimo.

Kuondoa ngozi huanzia mkiani. Chota chumvi kidogo kwa vidole ili usiteleze, shika ncha ya ngozi, laza kisu karibu kiwe bapa kabisa, kisha vuta ngozi huku na huku ukikituliza kisu. Anayesukuma kisu huitoboa ngozi. Anayevuta ngozi humaliza kwa mkupuo mmoja. Mwisho pitisha kidole katikati ya mnofu, upande wa kichwani, na utahisi mstari mfupi wa vimiiba vilivyosimama. Usivichomoe kimoja kimoja. Kata kishoroba chembamba kila upande wake na ukiondoe chote. Kwa mtoto mdogo mstari huo ndio wa hatari, na mteja aliyeahidiwa samaki asiye na miiba ana haki ya kutokukuta hata mmoja.

Namna ya kujizoeza niliyoiona ikifaa ni hii: nunua ngege watano walio karibu sawa kwa ukubwa, siku ambayo hoteli itapika mchuzi au katlesi, ili vipande vitakavyoharibika vipate pa kwenda. Usimmalize mmoja ndipo umshike mwingine. Fanya mkato wa mgongoni kwa wote watano, kisha mbavu kwa wote, kisha ngozi. Mkono unaorudia jambo moja mara tano mfululizo hukumbuka kuliko unaofanya mambo matano mara moja moja. Mpime kila samaki kabla na baada, uandike katika daftari, na daftari hilo umwonyeshe tajiri wako baada ya wiki chache. Na kila mfupa unaoubakisha uinue kwenye mwanga: mahali nyama ilipobaki ndipo kisu kilipoacha kusikiliza. Mimi hujifunza zaidi kwenye mfupa kuliko kwenye mnofu.

SWALI: Mama, habari za kazi. Ninaishi South B na ninauza chakula kwa kuagizwa. Mbuta (sangara) mzima ni mkubwa kwangu, lakini wenzangu wanasema ni rahisi kumkata kuliko ngege. Je, ni kweli? Na ile mifupa niitumie vipi?

JIBU: Dada yangu, ni kweli. Mifupa ya mbuta ni minene na imeachana, ncha ya kisu huihisi mapema, na nyama yake imeshikamana vizuri. Ndiyo maana ninapendelea anayeanza ajaribu mbuta wa kilo mbili hivi kabla ya ngege, ikiwa mfuko unaruhusu. Usishawishiwe kununua walio wadogo kwa kuwa ni wa bei nafuu, maana kanuni za uvuvi za Ziwa Victoria huwalinda mbuta wasiofika sentimita 50. Jihadhari na kifuniko cha shavu, kina mwiba mkali unaokata hata glavu nyembamba.

Mbuta aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, ingawa katika Ziwa Turkana ni mwenyeji wa tangu zamani. Viwanda vilipoanza kupeleka minofu yake ng'ambo katika miaka ya 1980, kilichobaki nyumbani kilikuwa kichwa na mfupa, na watu wa Kisumu wakakipa jina la mgongo wazi. Akina mama wa Obunga, mtaa wa Kisumu, wameukaanga na kuuza, na kwa jamii nyingi zilizoishi kando ya ziwa lenyewe huo ndio uliokuwa mbuta waliomudu kumla. Jambo hilo huniuma kila ninapolikumbuka, na ndilo linalonifanya nisiweze kumtazama mpishi akitupa mfupa jaani. Wewe unao wote wawili, mnofu na mgongo. Uoshe, ondoa mashavu ya ndani kwa sababu huleta uchungu, uchemshe pamoja na kitunguu, nyanya, tangawizi na dania kwa dakika 25 hivi bila kuacha utokote kwa nguvu, kisha uchuje. Supu hiyo utaiuza asubuhi, na wateja wako wa Nairobi wenye asili ya ziwani wataitambua kwa harufu.

SWALI: Je, kambare na wale samaki wa Naivasha wenye magamba makubwa hukatwa vivyo hivyo? Msomaji, Kasarani.

JIBU: Kambare hana magamba ila ana utelezi mwingi. Msugue kwa majivu au chumvi kubwa, umsuuze, kisha ukate ngozi kuzunguka shingo na uivute kuelekea mkiani kwa koleo. Miiba ya mapezi yake ya ubavuni ni imara, ivunje kwanza. Baada ya hapo kazi ni nyepesi, kwa kuwa hana vile vimiiba vya ndani ya nyama.

Wa Naivasha unayemtaja ni wa jamii ya karpi, na huyo sikushauri umtoe minofu kabisa. Ndani ya nyama yake mmetawanyika vimiiba vyenye umbo la panda, ambavyo havikushikamana na uti wa mgongo, hivyo hata ukimkata kwa ustadi vinabaki katika mnofu. Mpare magamba, umchanje ubavuni mikato ya karibu karibu, ya nusu sentimita baina ya mmoja na mwingine, ifike karibu na mfupa, umpake chumvi na ndimu, kisha umkaange katika mafuta mengi yenye moto wa kutosha mpaka vimiiba vilivyokatika viwe vikavu na kutafunika.