Binti anataka udaktari, mwalimu anasema CBG? Soma hapa kabla hujajaza

Usimjazie CBG, yaani mchanganyiko wa Kemia, Baiolojia na Jiografia. Simama hapo hapo, usibonyeze chochote kwenye selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, mpaka umalize kusoma ujumbe huu.

Dada mleta uzi, umesema binti yako kapata A ya Baiolojia, B ya Kemia na C ya Fizikia kidato cha nne. Tangu mdogo anasema atakuwa daktari. Mwalimu wa taaluma wa shule yake kakushauri CBG, kwa maelezo kwamba Fizikia itamshusha na chuo wanaangalia Kemia na Baiolojia tu. Hapo hapo ukauliza shule za kidato cha tano hapa Dar, tuisheni ya kumsogeza mpaka Julai, na kama anunuliwe kompyuta. Wachangiaji wote walionitangulia wamekujibu tuisheni na kompyuta. Hakuna aliyekushtua kwenye CBG! Nimerudia kusoma uzi mzima nikidhani nimeruka ukurasa.

Sikiliza. Chuo hawaangalii Kemia na Baiolojia tu. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa kwetu inataka prinsipali tatu, yaani ufaulu wa masomo makuu matatu ya kidato cha sita: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Famasi vivyo hivyo. Si sharti la chuo cha Muhimbili peke yake. Limo kwenye mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na vyuo vyote vinaufuata, vya serikali na vya binafsi. Kwa hiyo yule atakayekwambia "nenda chuo binafsi, wao wanachukua" naye mpuuze. Binti akiwa na A ya Kemia, A ya Baiolojia na A ya Jiografia, udaktari hapati. Yule jirani yake mwenye D ya Fizikia, lakini alisoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), anaruhusiwa angalau kuomba.

Nalijua hili kwa sababu mdogo wangu wa mwisho alipita njia hiyo hiyo unayotaka kumpitisha mwanao. Baba alishafariki, mimi ndiye kaka mkubwa, ada natoa mimi. Nafanya kazi bandarini kwa zamu, na mambo ya shule tulimwachia mtu tuliyeamini ndiyo kazi yake: mwalimu wa taaluma wa shule moja binafsi, jina silitaji. Alimwita mama ofisini, akamkalisha, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, huyu mtoto ni wa CBG. Tukimpeleka PCB tutamuua. Udaktari ataupata, BAM itamziba pengo la Fizikia." Mama akaja nyumbani Tandika amefurahi, mwalimu kamjali mwanawe.

BAM haizibi pengo lolote. BAM, ile Hesabu ya msingi ya wasiosoma Hesabu kama somo kuu, ni somo la ziada, haihesabiwi kama prinsipali, sawa na General Studies. Mtu anayefanya kazi ya taaluma na hajui hilo hafai kukaa kwenye kile kiti. Na mtu anayelijua halafu akamwambia mama wa watu vile, sijui nimwite nani.

Ngoja niseme kwa nini nadhani alilijua. Shule nyingi zinalinda wastani. Mtoto wa C ya Fizikia akienda PCB anaweza kuishia na D au E, na hiyo inaivuta shule chini. Akienda CBG analeta daraja la kwanza na shule inapata bango jipya barabarani. Baraza la Mitihani, NECTA, waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora tangu Januari 2023, na mimi niliwapongeza kwa hilo, lakini pita Mbezi, pita Tegeta, hesabu mabango ya "ufaulu asilimia mia". Bango hilo halisemi wangapi walipata kozi waliyoitaka. Hakuna shule itakayoliandika hilo.

Na mdogo wangu alileta hilo daraja la kwanza. B ya Kemia, B ya Baiolojia, C ya Jiografia. Kwa hesabu ya NECTA, ambako pointi chache ndiyo bora, hiyo ni pointi 7, safi kabisa. Kwa hesabu ya TCU, ambako A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, zinakuja pointi 11. Kozi ya udaktari inataka jumla isiyopungua 6. Kwa hiyo ukitazama pointi peke yake, kavuka karibu mara mbili. Nyumbani tulipiga soda, majirani wakaja, mjomba akatoka Mbagala na mchele, na siku ile yote hakumwita jina lake, ni "Dokta, Dokta" tu.

Dirisha la maombi likafunguliwa. Kijana wa steshenari akamwingiza kwenye mfumo wa chuo, udaktari ukagoma. Akajaribu chuo kingine, ukagoma. Tukadhani mtandao unasumbua. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda mwendokasi na mdogo wangu mpaka kwenye ofisi ya udahili ya chuo kimoja. Yule mama wa udahili hakuwa mkali. Alifungua mwongozo, akageuza kompyuta tuione, akaweka kidole kwenye mstari. Fizikia. Akasema, "Mwanangu, hili hata mkuu wa chuo hawezi kulivuka." Mdogo wangu alikuwa ameshika bahasha ya matokeo. Hakulia pale. Alilia kwenye kituo cha Gerezani, mbele ya watu, na mimi nimesimama sina la kumwambia.

Nilimpigia yule mwalimu. Akanijibu, "Sera zimebadilika, kaka." Miongozo ya miaka ya nyuma niliyoitafuta baadaye yote inasema Fizikia. Hakuna sera iliyobadilika. Nikamwambia hivyo, akasema yuko kwenye kikao.

Sasa wale watakaokuja hapa kuniuliza "na wewe kaka mtu ulikuwa wapi?", njooni tu, nimekaa. Nilikuwa zamu ya usiku nahesabu makontena ili ada ya huyo huyo mwalimu ilipwe. Mnaotaka kubishana zaidi leteni na kahawa.

Tulijaribu kurekebisha. Wazo la kwanza lilikuwa arudie Fizikia ya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa mdomo ni rahisi. Fizikia ile ni silabasi ya miaka miwili, ina mtihani wa vitendo, na unahitaji kituo chenye maabara kitakachokubali kukupokea. Tulizunguka, kila tulipobisha tukaambiwa hawachukui watahiniwa wa nje wa masomo ya vitendo. Wazo la pili lilikuwa wakala mmoja wa vyuo vya nje, ofisi nzuri ina kiyoyozi, akasema kule hawaulizi Fizikia. Huyo tulimkimbia, kwa sababu ukirudi na cheti lazima TCU wakitambue na Baraza la Madaktari Tanganyika likusajili kabla hujagusa mgonjwa.

Lililobaki ndilo linaloniuma mpaka leo. Mdogo wangu sasa anasoma stashahada ya utabibu, kozi ya miaka mitatu. Unajua aliingia kwa cheti gani? Cha kidato cha nne! Sifa za kuingia utabibu ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ile C yake ya Fizikia, maana naye alikuwa nayo kama binti yako, ambayo mwalimu alisema ni ya kukimbiwa, ndiyo iliyomfungulia mlango. Matokeo ya kidato cha sita hakuna aliyeyauliza. Anakaa darasa moja na watoto waliotoka kidato cha nne moja kwa moja. Miaka miwili ya ada, bweni, nauli na madaftari, yote kapuni.

Akimaliza akiwa na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.0 anaweza kuomba udaktari kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya kidato cha sita. Udaktari ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini. Piga hesabu. Angesoma PCB: miwili, mitano, mmoja, jumla minane. Angekwenda utabibu baada ya kidato cha nne: mitatu, mitano, mmoja, jumla tisa. Yeye kapita kidato cha sita cha CBG, kwa hiyo ni kumi na moja. Watu wanaogopa Fizikia ya miaka miwili wanaishia kulipa miaka mitatu ya umri wa mtoto.

Hapo sijasema CBG ni mbaya. Anayetaka kilimo, misitu, wanyamapori, mazingira, au ualimu wa Baiolojia na Jiografia, CBG ni njia halali na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo pale Morogoro, wanamsubiri. Ubaya ni kumpa CBG mtoto anayetaka kitu ambacho CBG haifiki.

Kanuni yangu ni moja, na nitairudia kwa kila mzazi atakayenisikiliza: anza na kozi, rudi nyuma mpaka kwenye tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo. Sisi bandarini kontena halipakiwi melini kabla haijajulikana linashushwa bandari gani. Fungua mwongozo wa TCU, upo bure kwenye tovuti yao, kuna wa wanaotoka kidato cha sita na wa wenye stashahada. Tafuta kozi anayoitaka, soma safu ya sifa neno kwa neno. Ikisema "Fizikia, Kemia na Baiolojia" maana yake ni zote tatu. Ikisema "na mojawapo kati ya" hapo una nafasi ya kuchagua. Kwa vyuo vya kati fungua wa NACTVET, baraza linalovisimamia. Fanya hivyo ukiwa na binti mwenyewe pembeni, asome yeye kwa sauti. Mwalimu, mjomba, mchungaji, shehe, na mimi pia, wote tuje baada ya huo mwongozo.

Na sasa hivi hatari imeongezeka. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi 65, kutoka 16 tulizozizoea. Kwa mtoto anayejua anakokwenda ni neema, kwa sababu kuna michezo, sanaa, lugha na biashara za kila namna. Kwa mzazi anayechagua kwa kuangalia lipi ni jepesi, ni mitego 65. Usidhani ni sayansi pekee, maana hata kozi kadhaa za uchumi na biashara zinarudi nyuma kukagua Hesabu ya kidato cha nne, na watoto wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) wanagundua hilo wakati wa kuomba chuo.

Kwa binti yako: C ya Fizikia ni krediti, yaani ufaulu mzuri, PCB anaiomba bila tatizo. Baada ya matokeo TAMISEMI, wanaopanga wanafunzi shuleni, huwa wanafungua mfumo wa kubadilisha tahasusi, tumia muda huo. Akishapangwa CBG na mkaja kustuka Julai, bado muwahi wiki za mwanzo. Kama shule aliyopangiwa ina PCB, mkuu wa shule anaweza kumhamisha kabla mada hazijasonga. Ukisubiri muhula wa pili umechelewa. Ada ya kidato cha tano na sita kwenye shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, kwa hiyo usiikatae shule ya serikali kama Jangwani kwa ajili ya binafsi eti kwa sababu tu binafsi wana bango.

Tuisheni, kama utampeleka, iwe ya Fizikia. Kinematiki, vekta, na Hesabu ya kuzibeba. Baiolojia yake ya A iache ipumzike.

Na kama PCB inakutisha kweli, jadilini utabibu moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Watu wanaona stashahada ni ya walioshindwa, wakati ni njia iliyonyooka kuliko CBG kwa anayetaka kutibu. Bodi ya Mikopo nayo ilianza kukopesha baadhi ya kozi za stashahada mwaka wa masomo 2023/24. Angalieni kama kozi na chuo chake vimo kwenye orodha ya mwaka wenu.

Weka hapa alama zake zote za kidato cha nne, si zile tatu tu. Nataka kuona Hesabu na Kiingereza, kwa sababu akija kupitia utabibu, udaktari utamrudisha kwenye hizo mbili na kuzitaka angalau D. Nipo zamu ya mchana wiki hii, usiku nitapita kujibu.