Kumpata mkufunzi wa kompyuta kwa wahasibu wa ofisi

Ndugu, umeuliza namna ya kumpata mkufunzi wa Excel kwa wahasibu wako 12 hapa Dodoma. Usajili wa chuo kwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, uangalie mapema, kwa kuwa ni jambo la dakika chache. Uzito uko kwenye somo la majaribio. Sisi tuliwahi kulipa chuo kimoja fedha yote mkononi, mkufunzi akafundishia toleo jipya kwenye kompyuta yake mpakato huku mashine zetu zikiwa na toleo la zamani, na vijana wakarudi na vyeti vizuri lakini wakaendelea kujumlisha kwa kikokotoo pembeni ya skrini. Kwa hiyo mpe mkufunzi jedwali lenu halisi la malipo, mkiwa mmeshaondoa majina na namba za akaunti, kisha mwombe afundishe kwa saa moja kwenye mashine zenu wenyewe, naye mhasibu mgumu kuliko wote akiwa amekaa mbele. Jina la mkufunzi huyo liandikwe kwenye mkataba, chuo kisije kikamleta mwingine, na sehemu ya malipo ibaki hadi watumishi wapimwe kazini baada ya mwezi mmoja.