RAM ya 3200 imegoma kwenda 3600: tatizo ni muda, si chipu

SWALI: Nina RAM mbili za DDR4, GB 8 kila moja, zimeandikwa kasi 3200, namba za muda 16-18-18-38, volti 1.35. Nikiwasha XMP (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa na mtengenezaji ndani ya RAM) zinafanya kazi vizuri. Nilipopandisha hadi 3600 kwenye BIOS (programu ya msingi ya kuwashia mashine) bila kugusa namba nyingine, feni zinazunguka lakini skrini haionyeshi kitu. Je, chipu ni mbovu? Na zikikubali, nitapata faida gani?

JIBU: Chipu zako ni nzima, ila umezinyima muda.

Kwanza uirudishe mashine. Chomoa umeme, kisha toa betri ya CR2032 kwenye mazabodi kwa dakika chache ili BIOS isahau mipangilio.

Sasa tupige hesabu. DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo la saa, kwa hiyo RAM ya 3200 ina saa ya 1600 MHz. Ndiyo maana CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya mashine, huonyesha 1600, na wapo wanaodhani wameuziwa RAM feki. Pigo moja hapo huchukua nanosekunde 0.625. Namba ya kwanza, 16, ni mapigo ambayo chipu hupewa kutoka kupokea amri ya kusoma hadi kutoa data: 16 × 0.625 = nanosekunde 10. Ukienda 3600, pigo linafupika hadi 0.556, na mapigo 16 yanakuwa nanosekunde 8.9 tu.

Seli ya kumbukumbu ni kapasita ndogo mno. Chaji yake ikimwagwa kwenye waya wa kusomea, vikuza-mawimbi vinahitaji muda kutofautisha 0 na 1, na muda huo haufupiki kwa sababu saa imeongezwa mwendo. Ukisoma mapema, unapata takataka. Hata miaka ya PC133 (RAM za zamani za 133 MHz), RAM nzuri ya CL2, yaani ya mapigo 2, ilitumia nanosekunde 15. Wewe leo unatumia 10. Saa zimepanda mara nyingi, seli zimesogea kidogo tu.

Kwa hiyo geuza kila namba iwe nanosekunde, kisha uzidishe kwa 1.8, ambayo ni mapigo kwa nanosekunde ukiwa 3600. Ikitoka namba yenye desimali, panda hadi namba kamili inayofuata. 16 inakuwa 18. Zile 18 mbili ni nanosekunde 11.25, zinatoka 20.25, weka 21. 38 inakuwa 43. Watu wengi huisahau tRFC, muda wa kuhuisha chaji: kwa chipu za gigabiti 8 ni nanosekunde 350, yaani mapigo 560 kwenye 3200, na 630 kwenye 3600. Ikibaki 560, mashine inaweza kuwaka vizuri kisha ikaharibu data kimyakimya. Volti iache 1.35.

Ikigoma hata kwa 18-21-21-43, usiendelee kulegeza namba. Hapo kikwazo kinaweza kuwa kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, au nyaya za mazabodi zinazoshindwa kubeba mawimbi ya kasi hiyo. Hakikisha RAM ziko nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa kama mazabodi ina nafasi nne, kisha jaribu 3466.

Faida? Muda wa kusubiri data unabaki nanosekunde 10 zilezile. Kinachoongezeka ni kiasi cha data kinachoweza kupita: kutoka GB 25.6 hadi 28.8 kwa sekunde kwa kila chaneli. Kama unatumia grafiki za ndani ya prosesa, utaiona tofauti kwenye michezo. Kwa kazi za ofisi, mimi ningebaki 3200.

Ukiamua kuendelea, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mizunguko minne kabla ya kufungua faili lolote la maana. Kosa moja tu likitokea, shusha kasi.